Kamera za ulinzi kwenye TV: kama una rekoda anza na waya, kama huna tumia RTSP

Swali lilikuwa hili: kamera nne zinaonekana vizuri kwenye simu, sasa mwenye nyumba anataka zionekane kwenye TV ya sebuleni muda wote. Wengi mmemwambia arushe skrini ya simu kwenye TV. Inawezekana, ila simu ikipigwa au ikiisha chaji, picha nayo imekwenda. Hiyo inafaa kwa dakika mbili, si kwa kuangalia geti usiku kucha.

Cha kwanza ni kujua kama ana rekoda (DVR au NVR), yaani kisanduku kinachohifadhi picha za kamera. Ikiwapo, hahitaji programu wala intaneti. Nyuma yake kuna tundu la HDMI: chomeka waya, upande wa pili kwenye TV, chagua HDMI kwa rimoti, kazi imekwisha. Kwa picha ya 1080p waya wa kawaida hausumbui hadi mita 10 hivi. Ukikaribia 15 picha huanza kumetameta au kuzima na kurudi. Hapo weka vile vifaa viwili vya kurefusha HDMI kwa waya wa mtandao wa Cat6, vingi hufika mita 50. Kama havikuandikwa kuwa vinatumia IP (yaani vinaweza kupita kwenye mtandao wa kompyuta), waya uende moja kwa moja kutoka kifaa hadi kifaa, usipite kwenye swichi ya mtandao. Na chagua vyenye tundu la USB, la sivyo maus itabaki chumbani kwenye rekoda na utakuwa unatembea kila ukitaka kubadilisha kamera.

TV ikiandika hakuna signal na waya ni mzima, shuku azimio la picha (resolution). Rekoda imewekwa itoe 3840×2160 na TV mwisho wake ni 1920×1080. Iunganishe kwa muda na skrini ya 4K, shusha kwenye mipangilio, hifadhi, kisha rudi sebuleni.

Kama hakuna rekoda, kamera ni za Wi-Fi tu, ndipo kazi inapoanza. Unahitaji TV ya Android, au kiboksi kidogo cha Android kwenye HDMI, na kamera inayotoa RTSP, njia ya kamera kurusha picha yake moja kwa moja kwenye mtandao wa nyumbani. VLC inatosha kwa kamera moja. Kwa nne kwa pamoja tumia tinyCam Monitor. Kwa kamera za Tapo, fungua programu ya simu, ingia mipangilio ya juu ya kamera, tengeneza akaunti ya kamera yenyewe (si ile ya barua pepe), kisha andika kwenye TV:

rtsp://jina:nywila@192.168.0.20:554/stream2

Hiyo IP, yaani anwani ya kamera kwenye mtandao (192.168.0.20), ni mfano, weka ya kamera yako. stream1 ni mkondo mkuu (picha kubwa), stream2 ni mdogo (picha nyepesi). Kwa kamera za Hikvision mwisho wa anwani ni /Streaming/Channels/101 kwa mkuu na 102 kwa mdogo. Dahua ni /cam/realmonitor?channel=1&subtype=0, na subtype=1 kwa mdogo. Nywila ikiwa na alama ya @, programu itadhani nywila imeishia hapo na itakukatalia. Andika %40 mahali pake, au chagua nywila ndefu ya herufi na namba.

Tumia mkondo mdogo, msiogope. TV ya 1080p ikigawanywa mara nne, kila kamera inapata 960×540 tu, kwa hiyo mkondo mkuu unabebesha Wi-Fi mzigo bure. Kamera nne kwa Mbps 4 kila moja ni 16 zinazokimbia hewani bila kupumzika. Kwa kbps 512 ni kama Mbps 2 zote pamoja. Mkuu uufungue ukikuza kamera moja.

Skrini nyeusi wakati jina na nywila vimekubali? Karibu kila mara ni H.265 (aina ya kubana video) kwenye TV au kiboksi cha zamani kisichoijua. Badilisha mkondo mdogo uwe H.264, aina ya zamani zaidi. Picha ikichelewa kufunguka, angalia nafasi kati ya fremu kamili (I-frame interval) kwenye mipangilio ya kamera: kwa fremu 25 kwa sekunde, ukiweka 50 unaweza kusubiri hadi sekunde 2 kabla ya kuona kitu, weka 25. Picha ikiwa na madoa ya kijivu yanayoburuzika, programu inapokea kwa UDP, njia isiyorudia vipande vinavyopotea njiani; ihamishie TCP, inayovirudia.

Kamera iliyokuwa inafanya kazi jana na leo haifanyi, basi rauta imeipa kamera IP nyingine. Ifungie IP yake ndani ya rauta. Na TV isiwe kwenye Wi-Fi ya wageni, maana nyingi huzuia vifaa visionane.

Mlango wa mtandao (port) wa 554, ile namba iliyo kwenye anwani ya RTSP, usiufungue kwenye rauta kwenda nje ya nyumba, kwa sababu yoyote ile. Kwenye TV weka mtumiaji wa kutazama tu, si admin, kwa kuwa nywila inabaki imeandikwa humo.

Kamera za betri nyingi hazina RTSP kabisa, kwa sababu hulala hadi kitu kipite mbele yake. Za Ring au Blink zinafunguka kwenye Fire TV ya Amazon kwa kuiomba Alexa, msaidizi wake wa sauti, na zitajizima baada ya muda. Usitegemee zikae kwenye skrini mchana kutwa. Betri haitafika mbali.