Kichaka chenye maua ya zambarau na meupe kwa pamoja

Dada, umeuliza kama kichaka chako chenye maua ya rangi tofauti ni miche miwili iliyounganishwa. Hapana, ni mmea mmoja. Kwa ulivyokieleza, maua ya zambarau, ya urujuani mpauko na meupe kwenye tawi moja, ni Brunfelsia, asili yake Brazili. Ua linachanua zambarau, kisha linapauka siku hadi siku mpaka linakuwa jeupe. Hakikisha kwa kuangalia katikati ya ua: petali tano zimeungana, na kwenye tundu dogo la kati kuna duara jeupe. Jani ni zima bila meno, kijani kibichi juu na limepauka chini.

Kipande unachotaka kuotesha kitashika ukikata tawi lililoanza kukomaa, si lile laini la nchani. Weka kivulini, udongo uwe na unyevu bila kutuama maji. Kikikua, kipe jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Pogoa mara tu maua yanapokwisha. Ukichelewa unakata machipukizi ya maua yajayo.

Kwa kuwa uko Mombasa, angalia sana udongo. Wa matumbawe una chokaa nyingi, na mmea huu unapenda udongo wenye tindikali, la sivyo majani yanageuka njano huku mishipa ikibaki kijani. Bora uupande kwenye chungu kikubwa chenye mboji ya majani.

Umesema una mbwa. Tafadhali kiweke mbali naye kabisa! Mmea wote una sumu, hasa matunda na mbegu, na mbwa akila hutetemeka na kupata degedege.