Ndoo ya maji ya ziwa

Wadogo zangu, jana pale Kibirizi nimemkuta kijana kachota ndoo ziwani anataka kuyaongeza kwenye kulanti, yale maji ya dawa yanayopoza injini ya boti. Nikamshika mkono. Sikumfokea, maana nami nilimimina ndoo hizo mwaka mzima. Someni.

1. Maji. Ya Tanganyika yananyweka, lakini yana madini mengi. Tazameni ukoko kwenye birika nyumbani. Tumieni maji ya betri, yale yasiyo na asidi, nusu kwa nusu na kulanti. Yakipungua, ongezeni mchanganyiko uleule.

2. Laina. Nilikuwa fundi wa boti ya mizigo, Kibirizi hadi Kagunga, injini ya laina za maji, yaani mitungi ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, maji ya kupoza yakiizunguka kwa nje. Kila safari naongeza maji matupu, rangi ya kulanti ikififia nasema bado ipo. Asubuhi moja nachomoa dipstiki, oili imepanda na imekuwa kama chai ya maziwa. Maji yameingia kwenye oili. Nikasema ni gasketi ya hedi, inavujisha. Nikafungua hedi, nikaweka gasketi mpya, tajiri akalipa. Baada ya wiki mbili, chai ileile. Nikanunua gasketi ya pili!

Fundi mzee wa Ujiji ndiye aliyeniambia nifungue sampo, ile bakuli ya oili chini ya injini, tujaze maji kwenye njia za kupoza, tulale chini tutazame. Tone likaning'inia chini ya laina ya tatu. Tukaivuta. Upande mmoja tu, ule ambao pistoni inauegemea ikisukumwa na moto, kulikuwa na vishimo vimesongamana kama mbao iliyoliwa na bungua. Kimoja kilipitisha sindano. Pistoni inapiga, laina inatetemeka, maji nyuma yake yanaachana nayo kidogo, vipovu vinazaliwa na kupasukia kwenye chuma, maelfu kwa maelfu. Dawa iliyomo kwenye kulanti hujenga utando juu ya laina, vipovu vikaubomoa huo badala ya chuma, nao ukajijenga tena. Mimi nilikuwa nimeizimua dawa hiyo kwa ndoo. Kwa oili ile yenye maji, beringi za krenki zilikuwa zimekwisha, boti ikakaa mchangani miezi miwili, na vijana sita wa kupakia mawese wakakosa kazi. Nilikuwa nikipita mbali ili nisikutane na macho yao.

3. Mfuniko wa rejeta usioshika presha, tupa. Presha ndiyo inayobana vipovu visizaliwe. Na thamostati, ile vali inayozuia maji hadi injini ipate moto, ikifa, nunua nyingine. Nani anawafundisha kuitoa? Injini ikikimbia baridi, pistoni inapata nafasi kubwa zaidi ya kuipiga laina.

4. Dawa ya kuongezea kwenye kulanti: pimeni kwanza kwa vile vikaratasi vya kupimia dawa iliyobaki, ndipo muongeze. Ikizidi inaganda kama ute na kuziba rejeta. Rangi haisemi kitu. Kulanti mbili za kijani zaweza kuwa na dawa tofauti kabisa, kwa hiyo someni dumu.

Na wewe wa jana, ile injini imwage yote, isafishe, ujaze upya kabla ya safari ya Jumatatu. Ukikwama, niite, nitashuka.