Mumeo Ameuliza Daftari, Hajamtukana Mama Yako

*Shangazi, mimi ni mwalimu wa miaka 36, naishi Igoma, Mwanza, na nina binti wa miaka 11. Mama yangu alifariki mwaka jana kwa saratani ya mlango wa kizazi. Nimekusanya michango ya shilingi 2,400,000 ili tufanye matembezi ya kumkumbuka hadi viwanja vya Furahisha na kuwasaidia wagonjwa wa saratani. Fulana zenye picha ya mama, muziki na chakula vitagharimu 1,900,000. Mume wangu, ambaye ni mvuvi wa dagaa, amekataa kuvaa fulana, na mbele ya dada zangu akaniuliza daftari la michango liko wapi. Huyu ndiye aliyeuza injini ya mtumbwi bila kunishirikisha, mwezi ule ule mama alipoanza mionzi hospitali ya Bugando, na fedha sijui alizipeleka wapi. Hakumpenda mama, ingawa ndiye aliyekuwa akimpelekea uji kwa kuwa mimi nilibanwa na kazi. Nimehamia kwa dada yangu Kisesa. Je, nidai talaka?*

*Mwenye Uchungu, Igoma*

Mwanangu, pole sana. Kumwona mzazi akiisha kidogo kidogo ni uchungu usio na dawa ya haraka. Lakini nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote tatu nimekwama penye uji.

Mvuvi wa dagaa hukesha ziwani usiku wa giza, taa zikiwaka na nyavu zikivutwa, na hurudi mwaloni alfajiri akiwa ameloa na macho yamemwiva. Mtu huyo, badala ya kwenda kulala, alibeba chupa ya uji na kukipanda kile kilima cha Bugando ili mama mkwe wake aunywe ungali wa moto. Katika malezi yetu wakwe huoneana haya, na mkwe wa kiume hakai hovyo kando ya kitanda cha mama mkwe. Yeye aliivua haya hiyo kwa ajili ya mama yako, nawe umelifunika jambo zima kwa neno “ingawa”. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Tuje kwenye injini. Unasema hujui fedha zilikwenda wapi, na katika barua nzima hukutaja ni nani aliyelipa vipimo, dawa na nauli za mama. Bili ya hospitali haijilipi. Sikuwapo, kwa hiyo sitaapa, lakini mvuvi hauzi injini yake kwa kupenda, kwa sababu bila hiyo anabaki kukodi ya mwenzake na kugawana naye kile kidogo anachopata.

Ninavyoona mimi, unaumwa na zile siku ambazo mumeo alikuwapo na wewe hukuwapo, na sasa unatafuta umati uliovaa sare ushuhudie kwamba ulimpenda mama yako. Hakuna anayebisha kwamba ulimpenda.

Kuhusu fedha, mumeo ana haki, nami nasimama upande wake waziwazi. Aliyekutumia shilingi 5,000 kwa simu aliambiwa kwamba zinakwenda kwa wagonjwa, lakini katika hesabu yako wagonjwa wanabakiwa na 500,000. Wewe umewauguza watu wa mionzi kwa mbali. Waulize wanaokaa nao wodini. Mionzi hutolewa karibu kila siku ya kazi kwa wiki kadhaa mfululizo, na mama aliyetoka kisiwa cha Ukerewe hawezi kupanda meli ya Nansio kila jioni na kurudi asubuhi. Anahitaji pa kulala, chakula, na nauli ya kurudi kwa watoto wake. Futa muziki, punguza fulana, watu wajibebee maji yao, na matembezi yafanyike. Nunua daftari leo, uandike kila jina na kila shilingi, kisha watu wawili wasio ndugu zako walikague. Fedha iliyoombwa kwa jina la marehemu ni amana, na anayekuuliza hesabu yake anakulinda wewe na jina la mama yako.

Ndoa za siku hizi zinanisikitisha kwa jambo hili. Mtu na mkewe watashona vitenge vya sare kwa kila sherehe, wapigwe picha wakiwa wameshikana mikono, lakini swali moja la fedha likiulizwa, begi linafungwa na dada wa Kisesa anageuzwa hakimu. Mumeo alikosea kuuliza mbele ya shemeji zake, na hilo mwambie. Kosa la namna hiyo husemwa chumbani na kuisha, wala halifiki kwenye talaka.

Kuna jambo jingine ambalo limenitia hofu kuliko talaka. Umeandika habari za kuwasaidia wagonjwa wote, lakini hukusema kama wewe mwenyewe umewahi kupimwa. Saratani hiyo husababishwa na kirusi cha HPV, nayo huchukua miaka mingi kabla ya kujitokeza, ndiyo maana wengi hufika hospitali wakati damu imekwisha kuanza kutoka. Katika kipimo hicho mhudumu hupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kuangalia kama kuna sehemu inayogeuka nyeupe. Ni dakika chache, na majibu unaondoka nayo. Nenda wiki hii. Binti yako naye yumo katika umri wa chanjo ya kirusi hicho, ambayo nchini kwetu ilianza kutolewa kitaifa mwaka 2018 na sasa ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kama hajachanjwa shuleni, mpeleke kituo cha afya.

Kisha rudi Igoma. Usianze na habari za matembezi wala za fulana. Mngoje arudi kutoka ziwani, umpe maji ya kuoga na chakula, na akishakula umwulize injini ile aliiuza kwa shilingi ngapi, na risiti za hospitali amezihifadhi wapi.