Vidole kwanza, penseli baadaye

Ukipangiwa darasa la awali kwa mara ya kwanza, wazazi hawatakawia kukuuliza mtoto ataanza lini kuandika. Usikimbilie daftari. Mtoto wa miaka 3 au 4 anayeshika penseli kwa ngumi si mvivu, ni misuli midogo ya vidole ambayo haijakomaa. Ukimlazimisha kujaza mistari ya a, e, i, o, u, atazoea mshiko mbaya, na kuja kuubadilisha darasa la kwanza ni kazi kubwa. Mpe kwanza michezo ya kuminya, kubana na kutunga.

Mchezo wa donge la unga ndio wenye faida nyingi kuliko yote. Chukua vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi, vijiko 2 vya chakula vya mafuta ya kula, na maji ya uvuguvugu yasiyozidi kikombe 1. Koroga chumvi ndani ya maji kwanza iyeyuke kadiri inavyoweza, ingawa haitayeyuka yote, ili donge lisiwe na chenga nyingi. Mimina maji kidogo kidogo huku ukikanda. Likinata mikononi, ongeza unga. Likimeguka, ongeza mafuta kidogo. Sembe haifai, haishikamani. Chumvi husaidia donge lisioze haraka, lakini huchoma vidonda, kwa hiyo kagua mikono kabla ya kugawa, na angalia wasilile. Hifadhi kwenye kopo lenye mfuniko.

Watoto wote watasokota nyoka kwa viganja, na hapo vidole bado havijafanya kazi. Waambie wammege nyoka huyo vipande vidogo kama punje za mahindi, kwa kidole gumba na cha shahada, kisha waviviringishe kwa ncha za vidole tu. Hapo ndipo zoezi linapoanza.

Kwa kutunga, vikonyo vya majani ya mpapai vina uwazi ndani na havigharimu kitu. Kata vipande vya sentimita 2, osha utomvu wote kwa sababu unawasha ngozi, kisha anika kivulini. Visikauke mno, vitasinyaa. Tumia kamba za viatu. Ncha ikifumuka mtoto atakata tamaa mara moja, kwa hiyo izungushie selotepu au ichovye kwenye nta ya mshumaa. Upande wa pili funga kipande kimoja kiwe kizuizi. Hesabu vipande unapogawa na unapokusanya, maana watoto huvitia puani na mdomoni. Asiyeacha kuweka vitu mdomoni mpe donge, si vitu vya kutunga.

Mkasi uwe wa ncha butu lakini makali yakate. Mkasi usiokata humfanya mtoto apinde kifundo cha mkono. Anza na vipande vya boksi la biskuti vyenye upana wa sentimita 2, akate mara moja kiachie. Gazeti hujikunja katikati ya makali. Kidole gumba kielekee juu. Anayetumia mkono wa kushoto mtafutie mkasi wake, kwani wa kawaida utamsumbua hata awe hodari.

Chaki nazo zivunje vipande vya sentimita 2 au 3. Kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi, kwa hiyo vidole vitatu vinajipanga vyenyewe. Wachore ubaoni au ukutani wakiwa wamesimama, ili bega na kifundo navyo vipate nguvu. Darasa likiwa na watoto wengi, gawa makundi manne, kila kundi na kazi yake, na wabadilishane baada ya dakika 10 hivi. Wewe kaa kwenye kundi la mikasi.