Rupia ya nyanya ina mkato. Imeharibika?

SWALI: Asalaam aleikum, Mzee Sonara. Nyanya yangu alifariki mwaka jana hapa Bombo, akaniachia mkoba wenye rupia tano za Mfalme Edward, shilingi mbili za simba na riale moja, ile sarafu kubwa ya fedha ya Maria Theresa, yule mama mwenye ushungi. Rupia moja ina mkato ukingoni, na riale imegongwagongwa vijialama usoni. Mnunuzi mmoja wa Kampala anasema hizo mbili zimeharibika, na kabla ya kutaja bei anataka kuzikata zote aone ndani. Nimkubalie?
Msomaji, Bombo

JIBU: Wa aleikum salaam, mwanangu, na pole kwa msiba. Zirudishe mkobani kwanza.

Mkato huo si utundu wa mtoto. Kulikuwa na pesa za shaba zilizopakwa fedha juu juu tu, kwa hiyo mpokeaji alitia patasi ukingoni akachungulia. Peupe, anapokea, pekundu, anakurudishia. Jambo la kale hilo: fedha za Athens zenye picha ya bundi, za miaka 2,400 iliyopita, nyingi zina jeraha kama hilo, na wafanyabiashara wa Kichina waligonga mihuri yao midogo juu ya dola za Mexico walizokwisha kuzipima, kama vijialama vya riale yako. Mtu wa kubadilisha pesa kwa Kiarabu ni sarraf. Sikia jina lake lilivyobaki kwenye sarafu zetu.

Utazame mkato kwa lenzi. Ukiwa mweusi ndani, kingo zimelainika kwa kupita mikono mingi, basi swali liliulizwa zamani na likajibiwa. Kingo zikikwaruza ukucha, mtu amekata juzi.

Kupima hakuhitaji patasi. Rupia hiyo ina gramu 11.66, sehemu 11 kati ya 12 ni fedha. Weka kikombe cha maji kwenye mizani ndogo ya sonara, irudishe sifuri, kisha ining'inize rupia kwa uzi izame bila kugusa kikombe. Mizani, ambayo sasa inapima maji yaliyosukumwa na rupia, isome gramu 1.13 hivi. Ikisoma 1.3, ndani mna shaba. Riale ya gramu 28 itasoma 2.75. Mwaka 1780 ulioandikwa humo usikubabaishe. Ziliendelea kupigwa na mwaka huo huo hadi karne ya 20.

Hizo za simba ndizo zilizoniaibisha. Nikiwa kijana Jinja, mama mmoja aliniletea shilingi ya 1924. Nikaikata, nikaona umanjano mchafu, nikamwambia bandia. Kumbe shilingi zile, za 1921 mpaka 1946, zina robo tu ya fedha! Ilikuwa halali kabisa, na kovu nimelitia mimi. Aliifunga kwenye pindo la gomesi akaondoka bila neno.

Bei? Mkusanyaji hulipa pungufu kwa sarafu iliyokatwa, hapo mnunuzi wako hasemi uongo. Lakini fedha iliyomo haikupungua, na wako wanaozitafuta zenye mihuri kama ya riale yako. Usizisugue kwa majivu wala dawa ya meno. Huyo bwana mwambie aje na mizani, kikombe utampa wewe.