Kwa mnaoanza wodi ya afya ya akili: ulizeni kwanza familia inaamini nini

Wadogo zangu mnaokuja Mbeya kwa mafunzo kwa vitendo, na ninyi mliopangiwa vituo vya afya huku Nyanda za Juu Kusini mkaambiwa mtashika kitengo cha afya ya akili: historia ya magonjwa haya mliisoma chuoni kama mada ya mtihani, mkajibu, mkaisahau. Nawaomba mwirudie. Asubuhi ya kliniki utaikuta yote imekaa kwenye benchi moja. Wa kwanza katolewa kwenye maombi, hajala siku kadhaa kwa sababu ya mfungo. Anayemfuata ana chale mbichi kwenye paji la uso. Wa tatu ana alama za kamba kwenye vifundo vya mikono. Wa nne ni mgonjwa wetu wa zamani aliyeacha dawa baada ya kuona amepona.

Jambo la kushika ni hili: katika kila zama watu wametibu kile walichoamini kuwa ndicho chanzo. Aliyeamini pepo alifukuza pepo. Wagiriki wa kundi la Hippocrates, yapata miaka 2400 iliyopita, waliandika kuwa kifafa hakitoki kwa miungu, kinatoka kwenye ubongo, lakini wakasema kinasababishwa na ute kuziba mishipa. Mahali walipapata, sababu wakaikosa, na tiba ikafuata sababu. Kwa hiyo ukitaka kujua kwa nini familia imefanya ilichofanya, na itafanya nini ukimruhusu mgonjwa kesho, uliza inaamini kimetokea nini.

Nimeona wanafunzi wakimkaripia mzee aliyemleta mpwa wake akiwa amefungwa kamba ya katani. "Mzee, huu ni ukatili!" Mzee akanyamaza, na alipoulizwa maswali ya historia akajibu "sijui" mpaka mwisho. Muuguzi mwenzangu alipochukua zamu alianza kwa kukaa chini. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu." "Poleni na safari. Hali hii ilipoanza, ninyi nyumbani mlihisi ni nini?" Mzee akafunguka. Kijana aligombania shamba la urithi, wakahisi mizimu ya babu imekasirika. Lini? Wakati wa kuvuna viazi. Kabla ya hapo alikuwaje? Alikuwa kimya, hataki kula na wenzake, anasema redio inamtaja jina. Wamempa nini? Mizizi ya kuchemsha, asubuhi na jioni, na mganga alisema asipewe maji usiku. Kwa nini kamba? Alikimbilia barabara kuu ya Tukuyu usiku na lori nusura limgonge. Kwa dakika chache tu faili likawa na muda wa kuanza, dalili, dawa alizokunywa, upungufu wa maji mwilini na hatari aliyokuwamo. Kamba ilifunguliwa siku hiyohiyo, na mzee mwenyewe ndiye aliyeifungua.

Sisi wa hospitali hatuna ubavu wa kumcheka mzee yule. Bethlem ya London, hospitali yenye asili yake mwaka 1247, ilifunga wagonjwa kwa minyororo kwa karne nyingi, na katika karne ya 18 watu waliingia kuwatazama kama maonyesho. Paris, sifa ya kufungua minyororo hupewa daktari Philippe Pinel. Lakini katika hospitali ya Bicêtre aliyeiondoa, mwaka 1797, alikuwa Jean-Baptiste Pussin, msimamizi wa wodi ambaye mwenyewe aliwahi kulazwa hapo kwa kifua kikuu cha tezi za shingo. Hakuwa daktari. Pinel alijifunza mengi kwa kumtazama, naye alikiri hivyo. Wauguzi, mlishike hilo siku mtakapoambiwa kazi yenu ni kuchoma sindano tu.

Na msilewe elimu yenu. Mwaka 1917 Julius Wagner-Jauregg wa Vienna alianza kuwaambukiza malaria kwa makusudi wagonjwa ambao kaswende ilikuwa imefika kwenye ubongo, ili homa kali iiue, kisha akawapa kwinini kuitibu malaria hiyo. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1927. Fikirini hapo mkiwa na mgonjwa kutoka Kyela anayeweweseka, ambaye malaria yenyewe ndiyo iliyomvuruga akili. Egas Moniz wa Ureno alipewa Nobel mwaka 1949 kwa kukata nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo, upasuaji uliowaacha watu wengi wakiwa hawana hamu ya lolote maishani. Mwaka huohuo John Cade wa Australia alichapisha matokeo yake kuhusu lithiamu, dawa ya kutuliza wazimu wa msisimko, na mwaka 1952 madaktari wa Paris wakaanza kutumia kloropromazini, dawa ya wanaosikia sauti na kuona visivyokuwepo. Dawa hizo mbili zingali kazini. Waliokuwa sahihi na waliokosea walijiamini sawasawa, kwa hiyo kabla hujaandika neno skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini yasiyo kweli, kwenye faili, pima malaria, pima sukari, uliza homa, pombe na VVU.

Kuna sehemu ya historia hii inayotuhusu kwa uchungu zaidi. Mwaka 1851 daktari mmoja wa Marekani, Samuel Cartwright, aliandika kuwa mtumwa anayetoroka ana ugonjwa wa akili, na kinga aliyopendekeza ni viboko. Jirani zetu Kenya, J. C. Carothers aliyeongoza hospitali ya Mathari ya Nairobi wakati wa ukoloni aliandika, katika ripoti iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, kwamba Mwafrika anafanana na Mzungu aliyefanyiwa ule upasuaji wa Moniz. Hao walikuwa wataalamu. Walipima tabia ya watu kwa kipimo cha aliyewatawala.

Nanyi mtashika kipimo mkononi. Mjane anayesema bado anasikia sauti ya mumewe jioni, matanga yakiwa hayajaisha, msimwandikie dawa kwa hilo pekee. Muumini anayenena kwa lugha ibadani na Jumatatu akafungua duka lake Mwanjelwa kama kawaida si mgonjwa wenu. Ulizeni watu wa kwake: kwenu hili ni la kawaida? Amebadilika kuliko alivyokuwa? Analala, anakula, anaweza kazi yake? Majibu ya ndugu hapo yana uzito kuliko mshangao wako.

Kuhusu waganga na wachungaji, msimamo wangu ni kushirikiana nao, na siuoni kuwa ni udhaifu. Daktari wa akili Thomas Adeoye Lambo alifanya hivyo Aro, Nigeria, kuanzia mwaka 1954: wagonjwa waliishi na ndugu zao katika vijiji jirani na hospitali, na waganga wa jadi walihusishwa. Tanzania nayo ilianzisha vijiji vya wagonjwa wa akili baada ya uhuru, watu wakilima na kupata dawa, baada ya miongo mingi ambapo matibabu yalimaanisha kupelekwa mbali, kwenye hospitali za Lutindi katika milima ya Usambara au Mirembe, Dodoma. Mwambie mchungaji: endelea kumwombea, ila ale, anywe maji, na asikose dawa. Lakini ukiona kipigo, moto au kufungiwa, hapo hakuna majadiliano. Toa taarifa kwa ustawi wa jamii.

Kifafa nakitaja peke yake kwa sababu huku kinaletwa kwetu sana, na imani za watu huzidisha hatari ya degedege lenyewe. Watu wanaogopa povu, wanadhani linaambukiza. Kwenye baridi ya Makete au Njombe familia huota moto jikoni, na anayeanguka motoni mara nyingine huachwa mpaka atulie. Utaona makovu ya moto usoni, vidole vilivyoshikana. Fundisha ndugu kumvuta, kumlaza ubavu, kutomtia kijiko mdomoni. Tena ufugaji wa nguruwe umeenea huku, na nyama yake isiyoiva humpa mtu minyoo ya tegu; kisha mayai ya tegu kutoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye minyoo hiyo, yakiingia kwa chakula au mikono michafu, huzaa viluwiluwi vinavyoweza kukaa kwenye ubongo na kuleta kifafa. Kwa hiyo swali kuhusu choo na banda la nguruwe ni swali la afya ya akili, liulizeni bila haya.

Mwisho wa yote ni siku ya kumruhusu. Wengi hurudi kwa sababu sindano ya dawa ya akili inayochomwa kila mwezi ilikosekana, au nauli kutoka Ileje ilikosekana, au mtu alipata nafuu akaona dawa hazina kazi tena. Andika kwenye faili namba ya simu ya anayeishi naye, anayempikia. Aliyesaini fomu mara nyingi ni mjomba anayeishi Tunduma, na ukimpigia atakuambia hajamwona tangu siku ile.