Tanga hadi Lushoto kwa gari dogo

Dada, umeuliza kama gari lako dogo litapanda Lushoto na watoto ndani, nawe hujawahi kuendesha milimani. Litapanda vizuri tu. Tanga hadi Mombo ni lami ya kawaida; kazi inaanza hapo, kilomita 33 hivi za kona juu ya kona, mwamba upande huu, bonde upande ule. Inapendeza mno! Piga honi kila kona iliyojificha. Hatari kubwa ni kushuka: weka gia ndogo (otomatiki, weka 2 au L), usikanyage breki mfululizo. Ukisikia harufu ya kuungua, simama mahali salama, kama mji mdogo wa Soni ulio njiani, breki zipoe, watoto watazame maporomoko ya hapo. Usiku na mvua za masika, usithubutu. Kabla ya yote, fundi akague breki. Pedi zikiwa zimeisha, ahirisha safari.